Mzigo wa Nerina

Binti yangu Fiorenza amenitumia orodha:
suruali mbili, blauzi nne, sweta moja,
viatu vya kutembelea na vya kulia chakula cha jioni.
Nguo uziviringishe, mama, usizikunje,
soksi uzishindilie ndani ya viatu,
na kila ukitaka kuongeza kitu jiulize:
nikikikosa, nitakufa?

Nimejiuliza. Sitakufa.
Nimelitoa koti la mvua, nimekitoa kikaushio cha nywele,
nimemtoa hata Mtakatifu Yusto wa bati,
nikamwambia abaki Trieste alinde friji.
Mimi niliyepima dawa kwa gramu
miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta ya famasia,
leo napima chupi.
Kilo saba na robo!
Nalinyanyua sanduku kwa vidole viwili,
nazunguka nalo sebuleni,
peke yangu, kwa majivuno.

Kengele ya mlango.
Dada yangu Nerina, na nyuma yake
dereva wa teksi, mishipa ya shingo imemtoka:
sanduku la kijani, sanduku la kahawia,
na la tatu limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Nerina, ni siku saba tu."
"Kuhesabu najua."
"Melini kuna kila kitu."
"Hata wale walisema hivyo."
Akaketi juu ya lile la kahawia,
akaagiza kahawa.

Chumba chetu: vitanda viwili
na kati yake upenyo wa paka aliyekonda.
Mawili yaliingia mvunguni
kwa kuinama, kwa goti, na kwa tusi moja la Nerina.
Lenye kamba lilikataa.
Likalala katikati yetu,
abiria wa tatu asiyekata tiketi.

Saa tatu usiku, sitaha ya juu,
wazee wa Bavaria wanacheza rumba kando ya bwawa,
taa za pwani zinapita upande wa kushoto
polepole, kama mtu anayehesabu chenji.
Nerina hakuja kula.
Nikamkuta chumbani, kamba imefunguliwa,
vitu vimepangwa kitandani:
blanketi la sufi,
mishumaa, chumvi nusu kilo,
kisagio cha kahawa, nyundo,
sufuria.

Meli ina bafe sita,
na dada yangu kabeba sufuria.

Kicheko kilikuwa kimeshanifika kooni
alipogonga kioo cha dirisha kwa ukucha.
"Ile pale ni Pola."

Mimi nilizaliwa upande huu, kambini,
kuta zetu zikiwa mablanketi yaliyotundikwa.
Pola kwangu ni jina kwenye cheti cha mama.
Yeye alikuwa na miaka sita.
Februari, theluji gatini,
watu wamebeba magodoro, wamebeba mpaka misumari,
na mama, mikono imemjaa, akamwambia:
wewe chukua kimoja, kinachokuenea mkononi.

"Nilichukua kisosi," akasema Nerina.
"Kikombe nikakiacha mezani.
Nilidhani tutakirudia."

Sikujua.
Miaka yote hii nimekula kwake kila Jumapili,
nikakiona kisosi kile kabatini, peke yake,
nikadhani kikombe kilivunjika.

Niliketi sakafuni, kwa kuwa pa kuketi hapakuwapo.
Simu ikalia: Fiorenza.
Mama, mzigo umekuwa mwepesi?
Nikaitazama sufuria.
Nikaizima simu.

Kesho kutwa yake, Korfu, mvua ya kumwaga.
Watalii wote mlangoni, tumejikunyata
na visweta vyetu vya kuviringishwa.
Nerina akarudi chumbani, akalivuta la kijani,
akanitolea koti, bila neno,
na mwavuli,
na kwa sababu ni Nerina,
mwavuli wa pili.